Muulize Fundi: Gemu inakwama, usikimbilie dukani kwanza

Maswali ya safari hii karibu yote yanafanana, kompyuta ya nyumbani ina umri wake, gemu hazichezeki, na muulizaji ameshaambiwa anunue kitu. Naomba kabla hujatoa hela uangalie kwanza inakwama vipi, maana kila kifaa kikizidiwa kina namna yake ya kulalamika, ukiijua hiyo utajua hela iende wapi au kama inahitajika hela kabisa.

SWALI: Habari ya kazi kaka fundi. Niko Morogoro, nina desktop Dell OptiPlex 790 ile ya kulala, Core i5-2400, RAM 4GB, hadidiski 500GB, Windows 10, sina grafiki kadi ya pembeni natumia ya humo humo. Nacheza PES 2017 na wadogo zangu. Mwanzo ilikuwa fresh tu, sasa hivi wachezaji wanakimbia slo mosheni halafu kuna muda inaganda kabisa sekunde mbili tatu ndo inaendelea. Jamaa mmoja muuza vifaa ananiambia nunua SSD itakuwa kama mpya, mwingine anasema mashine imekufa niuze. Hela niliyojibana ni kidogo, nisaidie nisije nikaitupa.

JIBU: Salama ndugu yangu. Usiuze, hiyo i5-2400 ni prosesa ya 2011 lakini ina kora nne na kwa PES 2017 bado inatosha kabisa. Ila una matatizo mawili, na huyo wa SSD (ile diski ya kisasa inayosoma haraka kuliko hadidiski) amekujibu moja tu, tena nusu.

Slo mosheni na kuganda si kitu kimoja. PES inatakiwa iende fremu, yaani picha, 60 kwa sekunde na mwendo wa mechi umefungwa humo humo kwenye fremu, kwa hiyo mashine ikiweza kuchora 40 tu, gemu hairuki picha, inavuta kila kitu, mpira, refa, mpaka saa ya mechi. Seti mechi ya dakika 10, shika simu upime, ukitoa marudio na mapumziko kama imekula dakika 15 basi ulikuwa unapata fremu kama 40. Hilo ni la grafiki au la joto. Ila kuganda halafu inaendelea, hilo ni la RAM (memori ya muda ya kazi inayoendelea) na hadidiski, mashine imeishiwa nafasi inaanza kuhamishia vitu kwenye diski na kuvirudisha huku wewe umeshika pedi unasubiri.

Tuanze na joto maana halina gharama na ndo watu wanaliruka. Umesema mwanzo ilikuwa fresh, sijajua ni mwanzo wa mwaka au mwanzo wa mechi. Kama ukiwasha mechi ya kwanza inaenda vizuri, ya pili ya tatu ndo inaanza kuvuta na feni inavuma kwa nguvu, ni joto hilo. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 inajipunguza spidi yenyewe isiungue, na grafiki yako ya Intel iko ndani ya prosesa hiyo hiyo kwa hiyo zinaumia pamoja. Weka HWMonitor, ni ya bure, iache wazi nyuma ya gemu, cheza nusu saa halafu rudi usome safu ya Max. Ikisoma 90 na kuendelea, zima, chomoa waya ukutani, fungua kifuniko. Utaona feni inapuliza kwenye chuma chenye mapezi membamba kilichokaa juu ya prosesa, itoe hiyo feni uangalie mapezi kwa mbele, mashine ambayo haijafunguliwa miaka mingi vumbi linakuwa limejishona pale kama kipande cha blanketi, unalibandua kwa vidole. Maliza kwa brashi laini ya rangi na upulizie, ila feni ishike kwa kidole isizunguke ovyo wakati unapuliza, beringi yake inaharibika. Ukikitoa na hicho chuma utakuta pesti ya kupitisha joto iliyo kati yake na prosesa imekauka imekuwa unga, futa kwa kitambaa na spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, rudisha, kaza skrubu kwa kupishanisha kona. Kama mkono unatetemeka mpe fundi afanye ukiwa umesimama hapo, ni kazi ya dakika chache.

Sasa RAM. Windows 10 yenyewe hata hujafungua kitu inakula karibu GB 2, na grafiki ya Intel haina memori yake, nayo inakopa humo humo, ukiacha Chrome na tabu zake nyuma hebu fikiria PES inabakiwa na nini. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kabla ya gemu, uone nani anakula, funga wasiohitajika. Ukikuta Disk imekaa 100% ni apdeti ya Windows au antivairasi inaskani, iache imalize ndo ucheze. Halafu humo humo ingia Performance, Memory, soma palipoandikwa Slots used. Kama GB 4 zako ni kijiti kimoja, basi hela yako ya kwanza ndugu yangu iende hapo, sio kwenye SSD. Kijiti cha pili cha 4GB cha DDR3 kitaondoa sehemu kubwa ya kuganda, na kuna faida nyingine watu hawaisemi, kijiti kimoja cha DDR3-1333 kinapitisha kama GB 10.6 kwa sekunde, viwili vikifanya kazi pamoja vinapitisha 21.3, na kwa vile grafiki yako inaishi kwenye RAM, hapo fremu zinapanda kweli bila kununua kadi. Viweke kwenye DIMM1 na DIMM2, imeandikwa kwenye bodi. Angalia usipewe ya laptopu, ni fupi haikai, wala DDR4, pengo lake halilingani. Na Windows iwe ya 64-bit, ya 32-bit haitaitumia hiyo nyongeza.

Wakati unasubiri hela ya RAM nenda kwenye folda ya gemu fungua Settings.exe, shusha rezolushoni kutoka 1920x1080 mpaka 1280x720 na kwoliti iwe Low. Mashine itachora nukta laki tisa na kidogo badala ya milioni mbili kwa kila picha, na mechi usiweke mvua. Hii ni kipimo pia, ukishusha na gemu ikachangamka palepale ujue grafiki ndo inabana, ukishusha na hakuna kilichobadilika rudi kwenye joto.

SSD ni kitu kizuri na siku moja nunua, Windows itawaka haraka, gemu itafunguka haraka, kuganda kutapungua, ila slo mosheni utabaki nayo vile vile kwa sababu SSD haichori picha. Na ukifika wakati wa kadi, kumbuka hizi OptiPlex pawa saplai yake haifiki hata wati 300 na haina waya wa kulishia kadi kubwa, tafuta GT 1030 ya kimo kifupi (low profile), inakula wati 30 tu kutoka kwenye bodi. Soma boksi mpaka uone GDDR5, maana kuna GT 1030 ya DDR4, jina lile lile lakini memori yake inapitisha GB 17 kwa sekunde hazifiki wakati ya GDDR5 inapitisha 48, ukiuziwa hiyo utalia. Za mkononi zipime hapo hapo dukani kwa programu ya GPU-Z, tangu 2018 inatambua kadi nyingi za NVIDIA zilizobadilishwa jina na kuandika kabisa FAKE. Muuzaji akikataa usipime, ondoka.

SWALI: Mwanangu fundi habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Tanga. Wa darasa la sita anacheza Minecraft kwenye kompyuta ya zamani ya baba yake, Core i3 generation ya pili, Intel HD 3000. Ilikuwa inacheza japo polepole, likizo hii akaiapdeti ikagoma kabisa kufunguka, analia kila siku. Baba yake anasema mpaka kompyuta mpya na hela hiyo haipo.

JIBU: Shikamoo mama. Mwambie mtoto anyamaze, hajaharibu kitu. Minecraft ya Java kuanzia toleo la 1.17 la mwaka 2021 inataka OpenGL 3.2, yaani lugha ambayo gemu inaiambia grafiki ichore nini, na hiyo Intel HD 3000 kwenye Windows inaishia 3.1, hakuna draiva ya kuirekebisha hata mtu akuahidi vipi, kwa hiyo usimlipe yeyote kwa hilo. Fungua launcher, ingia Installations, New installation, chagua toleo 1.16.5, save, cheza. Gemu ni ile ile na haulipi tena. Kitu kimoja muhimu, dunia zake za zamani zikopi kwanza pembeni, zipo kwenye folda ya saves, na ile ambayo ilishafunguliwa kwenye toleo jipya asiilazimishe kwenye la zamani, itavurugika na amejenga humo kwa muda mrefu, mtoto ataumia.

Kuhusu upolepole, aende Options, Video Settings, palipoandikwa Render Distance. Ikiwa 12, kompyuta inabeba vipande 625 vya dunia kumzunguka, akishusha 6 inabeba 169, ni robo tu ya mzigo na mbele bado anaona vizuri. Graphics aweke Fast, Clouds azime. Anaweza pia kuongeza OptiFine, programu ya nyongeza ya kuipa Minecraft wepesi, ya 1.16.5 kutoka kwenye tovuti yao wenyewe. Na akitaka kucheza na wenzake kwenye seva, wote wawe toleo moja.

SWALI: Vipi fundi. Niko Mombasa, nina desktop ex-UK, nilidownload GTA V ya bure pahali, tangu hapo feni zalia hata nikiwa sifanyi kitu na gemu zote zalag. Nimeweka game booster na RAM cleaner mbili hakuna tofauti. Niongeze gani?

JIBU: Poa kaka. Usiongeze, toa zote. RAM cleaner inachofanya ni kusukuma vitu kutoka RAM kwenda kwenye diski ili namba ipendeze, sekunde inayofuata gemu inavihitaji inavirudisha, ndo hapo inaganda zaidi. Ila kilichonitia wasiwasi ni hiyo feni. Kompyuta iliyokaa tu haina sababu ya kuvuma. Mwaka 2021 kampuni ya Avast ilieleza kuhusu kirusi kinaitwa Crackonosh, kilikuwa kinafichwa ndani ya gemu zilizokrakiwa, GTA V na PES 2018 zikiwemo, kinazima antivairasi ya Windows halafu kinatumia prosesa yako kuchimba sarafu ya Monero kwa ajili ya mtu mwingine, na waliikuta kwenye kompyuta zaidi ya 222,000. Wewe unalipa umeme, yeye anakula hela. Angalia kama Windows Security inafunguka na inafanya kazi. Kama imezimwa na haiwaki, kopi picha na hati zako tu, usikopi programu hata moja, futa diski yote uweke Windows upya, na paswedi za M-Pesa ya mtandaoni, barua pepe na benki ubadilishe kwa kutumia simu, sio kwenye hiyo mashine. GTA V yenyewe, ile ya awali inayoitwa sasa Legacy, inataka angalau RAM 4GB na grafiki ya kiwango cha NVIDIA 9800 GT yenye 1GB, linganisha na uliyonayo kabla hujatafuta kopi nyingine, na hiyo nyingine iwe ya kununua, huwa zinapunguzwa bei sana.

SWALI: Habari kaka, mimi dada wa Arusha. Laptopu yangu Dell Latitude E6430 ghafla imekuwa nzito, hata gemu za karata zinakwama. Ikiwa kwenye betri ni nafuu, nikichomeka chaja ndo balaa. Nimeformat bado.

JIBU: Dada asante kwa kueleza hivyo maana hapo kwenye chaja umeshajibu nusu. Chaja imebadilishwa hivi karibuni? Chaja za Dell ncha yake ina pini nyembamba ya katikati, hiyo haipeleki umeme wa kuchaji, inaiambia laptopu mimi ni chaja ya wati ngapi. Laptopu isipopata hilo jibu inaogopa kuizidia chaja, inaishikilia prosesa chini kabisa na mara nyingi betri nayo inagoma kuchaji. Chomeka chaja, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, Performance, CPU, soma Speed. Ikiwa imeganda chini kabisa na haipandi hata ukifungua vitu vingi, ni hilo, na kuformat hakuwezi kusaidia. Ukiizima na kuiwasha chaja ikiwa imechomekwa inaweza pia kukuandikia kwamba aina ya chaja haijulikani.

Angalia ile pini kwenye mwanga, ikiwa imepinda au imekatika ni chaja. Azima ya mtu mwingine ya Dell ya wati 65 au 90 ujaribu kabla ya kununua. Spidi ikipanda umemaliza, nunua chaja nzima. Ikibaki chini hata kwa chaja ya mtu basi ni tundu la laptopu lenyewe, na kwenye E6430 tundu hilo ni kipande chenye waya wake kinachochomekwa kwenye bodi, fundi anakibadilisha bila kuchomelea chochote, kwa hiyo akikuambia ubadilishe bodi nzima usikubali.