Kabla hujauliza inakimbia ngapi, nionyeshe nati

Juzi kijana mmoja kaniletea Honda C70 ya baba yake. Injini keshaitoa, mota ya habu (ya umeme, inayokaa ndani ya gurudumu lenyewe) keshaifunga gurudumu la nyuma, anachotaka ni nimfungulie kontrola ikimbie zaidi. Nikachuchumaa nyuma ya pikipiki. Nati mbili, wosha mbili za kawaida, basi. Nikamuuliza toki amu, vile vibao vya chuma vinavyozuia ekseli isizunguke, ziko wapi. Akanijibu kwa raha zake: "Fundi, hapo nimekaza haswa. Nimevalisha spana bomba la mita nzima."

Bomba la mita nzima! Mwaka 2019 nilimjibu hivyohivyo mtu aliyeniuliza swali hilohilo, na nadhani hata bomba lilikuwa la urefu huohuo. Huyu kijana ni wa nne tangu mwaka uanze. Sasa naandika, ili wa tano akija nimpe asome huku mimi nakunywa chai yangu.

Sitaeleza kontrola ni nini, wala zile waya tatu nene zinaenda wapi. Kama bado hujui, tafuta kwanza baiskeli ya umeme iliyokufa uifungue, ukirudi tutaongea.

1. Usiuze injini. Mwagia oili kidogo kwenye silinda, ziba matundu kwa matambara, ifunge kwenye kiroba uiweke chini ya kitanda. Kadi ya pikipiki ina namba ya injini na namba ya chesisi, na siku ukikutana na trafiki mwenye muda mwingi utataka kuonyesha kwamba ile namba ipo mahali fulani duniani. Kuna sababu nyingine pia, ila hiyo inauma, nitaifikia.

2. Pima kabla hujalipa. Wote mnaanza na swali la wati. Hakuna anayeanza na futi kamba. Mota yangu ya kwanza ilizidi nafasi kati ya masikio ya swingamu (ile mikono ya nyuma inayoshika gurudumu) kwa milimita 11, na nikaona suluhisho ni kuipanua swingamu kwa jeki ya gari. Ilipanuka, lakini gurudumu likawa linaangalia Bagamoyo wakati pikipiki inakwenda Mbagala.

Na kwenye hizi Honda, ambazo wazee wanaziita Honda Fifty hata ikiwa sabini, kuna mtego unaowanasa wageni wote. Injini imening'inia kwa bolti mbili tu, unaitoa nusu saa, unajiona bingwa. Ukigeuka kutafuta pa kuweka miguu, hapapo. Bomba la kukanyagia limefungwa chini ya injini, na stendi ya pembeni iko palepale. Kwa hiyo kabla hujafikiria boksi la betri, fikiria miguu ya mpanda. Tengeneza fremu ndogo ishike kwenye yale matundu mawili ya injini, ibebe betri na bomba la miguu kwa pamoja. Wenye Vespa nawapa pole mapema: kwenu injini yenyewe ndiyo swingamu, ukiitoa umeondoka na gurudumu la nyuma na kila kitu.

3. Ekseli. Hapa kaeni chini.

C70 iliyonifundisha haya ilikuwa ya baba mkubwa. Aliipewa akiwa bwana shamba Kilosa, alipostaafu wakamuuzia, akaja nayo Dar. Kabureta ilimchosha, nami nilikuwa nimeshatazama video za kutosha kujiita fundi umeme. Nikamwambia, "Baba mkubwa, niachie mwezi mmoja." Akaniachia. Sijui kama kuna kitu kinamwingiza mtu matatizoni kama kuaminiwa na mzee.

Ekseli ya mota ilikuwa ya milimita 14, imechongwa pande mbili ikabaki 10, kama zilivyo nyingi. Tundu la swingamu lilikuwa dogo. Nikachukua tupa ya nusu duara, nikachonga. Kwa kuwa pande zile bapa zilikuwa zinakaa vibaya na vile vikaza cheni, nikaona bora nichonge tundu liwe duara kabisa, ekseli iingie vyovyote. Iliingia vizuri mno! Nikakaza nati kwa spana iliyovishwa bomba, nikaruka juu ya bomba mara mbili. Nani angeilegeza?

Sasa sikieni. Injini ya petroli inavuta cheni, na nguvu inayorudi nyuma inabebwa na fremu nzima kupitia zile bolti za injini. Mota ya habu haina cheni wala bolti za injini. Ikisukuma gurudumu kwenda mbele, inajisukuma yenyewe kurudi nyuma, na mahali pekee pa kujishikilia ni zile pande mbili bapa za ekseli. Mota yenye toki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 80, ukigawanya kwa sentimita 1 ya ule ubapa, unapata kama Newtoni 8,000. Ni kama kuning'iniza kilo 800 pale. Mimi nilikuwa nimeuweka ule ubapa kwenye tundu la duara, hauna cha kushika, nikaacha kilo 800 zibebwe na msuguano wa nati.

Na nikaongeza ujuzi juu yake: nikawasha breki ya umeme, ile ya kurudisha chaji ukiachia. Maana yake ekseli inasukumwa nyuma ukivuta mafuta (ndiyo, bado tunasema kuvuta mafuta), inasukumwa mbele ukifunga breki. Nyuma, mbele, nyuma, mbele, kila taa za barabarani, kila tuta. Ukitaka kung'oa msumari kwenye mbao unafanya nini? Unautikisa hivyohivyo.

Uani kila kitu kilikwenda vizuri. Nilisimamisha pikipiki kwenye stendi, gurudumu hewani, likazunguka kimya kama feni mpya. Nikachukua video. Nyinyi wote mnachukua ile video. Gurudumu likiwa hewani halina mzigo, ekseli haina inachobeba, hata ungeifunga kwa kamba ya katani lingezunguka.

Wiki ya pili baba mkubwa alitaka kwenda nayo Kimara, mimi nikiendesha, yeye nyuma, kanzu kaifunga vizuri. Tumeshuka tumepanda tangu Ubungo, breki ya umeme inafanya kazi yake, mimi namweleza juu ya upepo kwamba pikipiki inajichaji yenyewe. Tunapandisha Baruti nikavuta mafuta yote. Nikasikia kraa! Sauti kavu, kama mtu kavunja muwa nyuma yangu. Ekseli ilikuwa imezunguka ndani ya tundu langu zuri la duara, ikaviringisha ule waya mnene unaoingilia katikati yake, ikaukata. Waya za fezi, zile tatu nene, zikagusana. Mota ya habu fezi zikigusana haiachii gurudumu liende bure. Inakaba, kama mtu kakushika shati kwa nyuma. Kontrola ikatoa moshi katikati ya magoti yangu. Daladala nyuma yetu ikapiga honi, nikayumba, tukalala kushoto, kwenye kokoto.

Mimi nilichubuka kiwiko. Baba mkubwa alitangulia mkono, kifundo kikavunjika. Wiki sita za plasta.

Ningeishia hapo ingekuwa ajali tu. Lakini watu walipokusanyika, mmoja akauliza kumetokea nini, na mdomo wangu ukajibu kabla yangu: "Mchanga. Tumeteleza kwenye mchanga." Mama mkubwa nikamwambia mchanga. Hospitali, mchanga. Jirani akaja na machungwa akalaani wanaomwaga mchanga barabarani, nami nikaitikia kwa kichwa, nikamenya chungwa. Usiku wa pili nilifungua gurudumu kwa tochi ya simu. Pembe za ekseli zilikuwa zimelika, chuma kimekunjamana kama ncha ya penseli iliyotafunwa na mtoto. Nikaifunika gunia, nikaenda kulala, sikulala.

Niliuvaa ule mchanga wiki tatu. Siku moja nimempelekea uji, nikashindwa kumwangalia. Nikasema, "Baba mkubwa, haukuwa mchanga." Akakoroga uji kwa mkono usio na plasta, akanywa kidogo. "Najua. Mchanga hauna sauti ile." Halafu akauliza injini yake iko wapi, kwamba bora irudishwe, ilimkera lakini haikuwahi kumweka chini. Injini nilikuwa nimeshaiuza kwa wanunua skrepa, kwa kilo.

Ndiyo ile sababu nyingine ya namba 1.

Dawa ya ekseli ni zile toki amu: kipande cha flatibaa (chuma bapa) cha milimita 6. Nenda Gerezani, ule mtaa wa Dar, mabaki yanauzwa kwa bei ya soda chache. Toboa, kisha chonga kwa tupa tundu lenye pande mbili bapa, likumbatie ekseli kiasi kwamba unaigonga kwa nyundo ndogo iingie. Ikiingia kwa kidole, tupa kibao hicho, anza kingine. Mkia wake uwe mrefu kama kiganja, ufungwe kwenye swingamu kwa bolti ya milimita 8 yenye nati ya kujifunga. Fanya pande zote mbili. Usiniambie upande mmoja unatosha. Kisha chora mstari mmoja wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye kibao, mstari ukikatika unajua kabla mkono wa mtu haujajua.

4. Betri. "Fundi, ni ya volti 48." Ya volti 48 ipi? Seli 13 za lithiamu ya kawaida mtu anaiita 48, chaja yake inaishia volti 54.6. Seli 16 za lithiamu fosfeti ni 51.2, nayo anaiita 48, chaja yake inaishia 58.4. Ukiichomeka hii chaja ya pili kwenye ile betri ya kwanza, kila seli inasukumwa kuelekea volti 4.49 wakati mwisho wake ni 4.2. Kinachobaki kati yako na moto ni BMS, yaani bodi ya kulinda betri, ya bei rahisi. Ukifanya kinyume chake, betri haijai vizuri, hakuna aliyeungua. Andikeni chaja kwa kalamu ya kudumu, jamani. Nina mteja mwenye chaja tatu nyeusi zinazofanana kwenye droo moja, akipiga simu usiku huwa napokea nikiwa nimeshasimama.

Hesabu: volti 51.2 mara Ah 30 za betri ni Wh 1,536 za umeme. C70 ikienda mwendo wa heshima inakula kama Wh 30 kwa kilomita, acha akiba, una kilomita 40 za kweli. Muuzaji aliyekwambia 90 alikuwa anashuka mlima. Kwa umeme wa LUKU, uniti moja (Wh 1,000) inakupeleka kama kilomita 30, na hapo ndipo hata baba mkubwa alilegeza uso kidogo.

5. Fyuzi ikae karibu na chanya ya betri, si karibu na kontrola.

6. Rangi za waya za hall (sensa zinazoiambia kontrola mota imefika wapi) na za fezi hazina makubaliano kati ya viwanda. Mota ikinguruma na kutetemeka badala ya kuzunguka, achia mara moja. Tafuta waya mbili nyeupe za kujifunza kwenye kontrola (ukiziunganisha inajitafutia mpangilio yenyewe) kabla hujaanza kubahatisha.

7. Taa. C70 za zamani ni za volti 6. Konvata uliyonunua ya kushusha volti za betri inatoa 12. Nilisahau, nikawasha, uani kukawa mchana kwa sekunde moja, kuku wakashuka kwenye banda. Badili balbu zote, na honi, hata kile kitaa cha gia ambacho hakina tena kazi.

8. Maji. Waya ushuke kwanza chini ya ekseli ndipo upande, tone la maji lidondoke badala ya kufuata waya hadi ndani ya mota. Barabara ya Jangwani ikijaa maji, usipite. Najua bodaboda wanapita. Wao wanasukuma pikipiki iliyozimika tu, wewe utasukuma mota yenye kutu.

9. Breki ya mbele ni ngoma ndogo, imezoea kusaidiwa na injini. Weka viatu vipya kabla hujaongeza hata kilo moja ya betri, na breki zote mbili, ya mkono na ya mguu, ziwe na swichi ya kukata mota.

Yule kijana nilimrudisha nyumbani kwa miguu, pikipiki ikabaki kwangu. Jumamosi alikuja na vibao viwili. Cha kwanza kiliingia kwa kidole. Nikakitupa juu ya bati mbele ya macho yake, akanuna, akaenda kuchonga kingine hadi magharibi. Kontrola yake bado sijaigusa.

Baba mkubwa anaendesha tena, peke yake, hanipakizi. Injini nilimtafutia nyingine, ya C70 ileile lakini si ile yake, ipo chini ya kitanda chake imefungwa kwenye kiroba. Kila asubuhi, kabla hajapanda, anainama taratibu akishikilia kiti, anasogeza miwani, anautazama ule mstari mweupe upande wa kulia, anazunguka, anautazama wa kushoto. Nikiwepo ananiambia nisogee nisimkingie mwanga.