Baba anataka niseme uongo, mchumba anataka niseme ukweli

Ndaga, mwanangu. Kwa wasomaji wengine: binti huyu ana miaka 26, ni mwalimu, anaishi karibu na Tukuyu. Baba yake na baba wa mchumba wake wamefikishana Baraza la Kata kwa kipande cha shamba chenye miparachichi. Baba anamtaka akashuhudie kwamba jiwe la mpaka halijaguswa. Mchumba naye anamwambia, "Kama unanipenda, sema ulichokiona." Alichokiona ni kaka yake akilisogeza jiwe hilo jioni.

Uongo usiende kuusema. Hapo sina la kupindisha.

Ila usianzie barazani. Mkute baba akiwa peke yake, kaka asiwepo, umwambie: "Baba, nikiulizwa nitasema nilichokiona. Naomba jiwe lirudi mahali pake kabla hatujafika huko." Atafoka. Mwache afoke, usimjibu, kisha mtume mama akaendelee na maneno usiku. Tangu mwaka 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu, kwa hiyo baba yako bado anaweza kukubali mpaka wa zamani bila kutangazwa mwizi. Wasipopatana, shauri litakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko kuna hukumu, na kuna nauli za mashahidi. Parachichi za msimu mzima zinaweza kuishia humo.

Sasa huyo kijana. Posa yake ililetwa kabla ya ugomvi au baada? Hukuandika, na hilo ndilo nililolitafuta barua nzima. Ushahidi wako si sehemu ya uchumba. Mwambie utasema kweli ukiulizwa na baraza, lakini hutampelekea maneno ya nyumbani kwenu, na habari za harusi zisubiri shauri liishe. Akinuna siku mbili tatu, ni binadamu. Akiendelea kukupima mapenzi kwa mipaka ya shamba, mrudishie pete yake.

Umeuliza kama unaweza kuolewa baba akikataa. Unaweza, kwa umri wako Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haidai ridhaa yake. Lakini utakutana naye sokoni, kanisani na kwenye misiba, hivyo sheria hiyo usimtajie kwa sasa.

Kaka mwachie baba. Usimfuate shambani peke yako.