Tochi Kwanza, Kisu Baadaye

Saa kumi na mbili asubuhi mteja wangu wa Dar es Salaam huwa ameshaanza kupiga simu: "Dada, umefika mwaloni?" Kwake kumeshapambazuka, anadhani na huku ni hivyo hivyo. Mimi nimefika Kibirizi, mwalo wetu wa samaki hapa Kigoma, tangu saa kumi na moja, ila giza ni lile lile la usiku wa manane. Saa ni moja nchi nzima lakini jua si moja. Kigoma tuko mwisho wa reli, magharibi kabisa, na jua letu huchelewa karibu dakika 40 nyuma ya la Dar. Biashara ya dagaa haisubiri jua. Mitumbwi ikirudi, wanunuzi wanagombania, na anayesubiri kuche anaondoka na masalia.

Nayasema haya kwa sababu kila nikiandika kuhusu mkoba wangu, watu huuliza mama mzima anafanya nini na tochi na kisu kila siku, kama mgambo. Leo nieleze vizuri.

Tochi ilinijia kwa hasara. Miaka ya mwanzo nilikuwa namulika kwa simu. Asubuhi moja nilinunua viroba sita vya dagaa wakavu kutoka kwa mtu niliyemfahamu kwa sura tu. Nilifungua mdomo wa kiroba, nikamulika kwa juu, nikaona dagaa safi wanang'aa. Mkono mmoja umeshika simu, mkono mwingine umeshika pochi, kwa hiyo sikuzamisha mkono ndani. Katikati ya kumulika simu ikaita, mwanga ukazimika, nikapokea. Nilipomaliza kuongea yule bwana alishafunga viroba vyote. Mzigo ulipofika Tabora ndipo mpokeaji akanitumia picha: viroba viwili, juu dagaa, katikati mchanga na dagaa walioanikwa mvua ikawanyeshea, wameshaanza kunuka. Sikuwa na wa kumlaumu. Mchanga ulikuwepo tangu mwaloni, mimi ndiye sikuuona.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni huu: simu si tochi. Najua tumezoea. Hata zile simu ndogo tulizipa jina la kitochi kwa sababu ya taa yake ya juu, na Nokia 1100 ilipotoka mwaka 2003 na taa yake, wengi wetu huku tuliipenda kwa taa kuliko kwa kupiga. Lakini simu ya leo ndiyo pochi yako, ndiyo benki yako, ndiyo namba za wateja wako wote. Unaishika gizani, pembeni ya maji, katikati ya watu usiowajua, vidole vina mafuta ya samaki. Ikidondoka, imedondoka kwenye Ziwa Tanganyika, ambalo kina chake kinafika mita 1,470. Na ikiisha chaji umepoteza taa na hela kwa pamoja.

Tochi ninayobeba inaingia kwenye kiganja, ni nene kama kidole gumba cha mwanaume. Ukienda dukani muuzaji atakuonyesha ile inayomulika hadi ng'ambo ya pili. Usidanganyike na ukali. Mwanga hupimwa kwa lumeni, na kazi zetu nyingi hazihitaji nyingi. Lumeni tano zinatosha kutafuta funguo au kusoma risiti. Mia moja zinatosha kutembea njiani kwa raha. Kinachotakiwa ni tochi yenye hatua: hafifu, wastani, kali. Nyingi za bei rahisi ukibonyeza zinaanza na ile kali, kisha zinawakawaka kama gari la wagonjwa, ndipo zifike kwenye hafifu. Hizo zirudishe kwenye rafu. Tochi nzuri inawaka hafifu kwanza, kwa sababu ukiamka usiku kumwangalia mtoto hutaki kuamsha nyumba nzima.

Halafu betri. Hapa ndipo watu wanaibiwa mchana kweupe. Tochi nyingi za kuchaji zinatumia betri ya lithiamu iliyoandikwa 18650. Namba hiyo ni kipimo tu: upana milimita 18, urefu milimita 65. Cha kuangalia ni uwezo wa kutunza chaji, ule unaoandikwa mAh. Nimeona mtaani zimeandikwa 9900. Huo ni uwezo wa karatasi! Zilizo bora za ukubwa huo zinazunguka 3500 hivi. Mtu anayekuandikia 9900 amekudanganya kabla hujawasha, sasa utamwamini na nini kingine? Na betri hizo usizitupe mkobani pamoja na sarafu na funguo; chuma kikiunganisha ncha zake mbili inapata moto, na inaweza kuwaka kabisa. Iache ndani ya tochi au iwekee kiboksi chake.

Kama unaishi mahali umeme ni wa kubahatisha, tochi ya betri za kawaida za dukani bado ina heshima yake. Mkoa wetu uliishi kwa majenereta ya dizeli miaka mingi, tunajua maana ya kuchelewa kuchaji. Kasoro yake ni kwamba betri hizo zikikaa ndani miezi mingi bila kutumika huvuja, na kile kinachovuja kinakula chuma. Nimeshatupa tochi mbili kwa uzembe huo.

Funga kamba kwenye tochi, uivae mkononi. Sirudii habari ya mita 1,470.

Kumulika nako kuna adabu yake, na wengi hawana. Usimmulike mtu usoni. Macho yanahitaji kama nusu saa kuzoea giza sawasawa, na wewe unayaharibu kwa sekunde moja. Mzee wa watu anabaki anapapasa. Mulika chini, mbele ya miguu, hatua mbili tatu. Kifutu hulala kimya kwenye kijia usiku, rangi yake na majani makavu ni kitu kimoja, na hakimbii mtu akija. Anayeumwa mara nyingi ni yule aliyemkanyaga. Wanaoujua mwanga kuliko sisi sote ni wavuvi wenyewe: wanaingia ziwani siku za giza, na mbalamwezi ikikomaa wanapumzika, maana taa zao haziwezi kushindana na mwezi kuita dagaa. Mmoja wao alinifokea siku moja nilipomulika mtumbwini wakati anafungua wavu. "Mama, unanipofusha, kidole changu nikikikata utanilipa?" Nikazima. Alikuwa na haki.

Kisu sasa.

Kisu changu ni cha kukunja, makali yake hayazidi sentimita saba. Kwa siku moja ya kawaida kinakata kamba za manila za viroba, kinafumua mshono wa gunia ninapotaka kuona ndani, kinamenya embe, kinafungua samaki aina ya mgebuka nione kama matumbo yake bado mazima. Mambo madogo madogo. Miaka yote nilikuwa naomba: "Kaka, naazima kisu." Na kaka anakupa panga. Umewahi kukata uzi wa mshono kwa panga? Unapasua gunia zima, dagaa wote chini.

Lakini kilichonifanya nisiondoke nyumbani bila kisu ni jambo lililotokea barabarani, tunatoka Kibirizi kupandisha mjini. Mbele yangu kulikuwa na bodaboda imempakia binti, mtandio ameuzungushia shingoni na ncha moja inapepea nyuma. Ghafla pikipiki ikayumba ikasimama. Mtandio ulikuwa umenyonywa na gurudumu la nyuma, umejizungusha kwenye mnyororo, na binti amevutwa chali, kichwa kimekaribia kiti, macho yametoka. Dereva anajaribu kurudisha gurudumu nyuma kwa mikono, halirudi. Watu wanapiga kelele, kila mmoja anamwambia mwenzake alete wembe.

Nilikuwa na kisu. Kisu kile kile cha embe na kamba, na sikuwa nimekinoa tangu nikinunue. Nilikishindilia kwenye kile kitambaa kilichokaza kama waya, hakikati. Nikawa nakereza, nakereza, kama mtu anayekata mti kwa kijiko, huku binti ananitazama. Kilipokatika hatimaye alianguka mikononi mwa mama mmoja muuza mihogo, akakohoa muda mrefu, akapona. Mimi niliketi pembeni ya barabara, mikono inatetemeka, nikakitazama kile kisu kwa hasira.

Kwa atakayekutana na jambo hilo: kata karibu na gurudumu, si karibu na shingo, makali yaelekee nje. Ukiweza kupenyeza vidole viwili kati ya kitambaa na koo, mwambie mwingine avipenyeze wakati wewe unakata. Na dada zangu, kabla ya kupanda bodaboda fungeni mtandio na kanga mbele, mkalie ncha zote.

Wiki ile ile nilimfuata muuza nyama mmoja mzee, nikamwambia, "Shikamoo mzee, nifundishe kunoa." Alicheka, lakini alinifundisha. Unanunua jiwe la kunolea lenye pande mbili, ya kukwaruza na ya kulainisha. Unalilowesha. Kwa pembe, alinipa hesabu ambayo sijaisahau: simamisha kisu wima juu ya jiwe, kilaze nusu, kisha kilaze nusu ya ile nusu. Hapo ndipo. Ni kama nyuzi 22, inatosha kwa kisu cha kazi. Sukuma upande mmoja, mpole, mpaka ukipitisha kidole gumba taratibu upande wa pili usikie kijiukingo, yaani kile kichuma chembamba kilichojikunja kwenye makali, kinakwaruza. Geuza, fanya hivyo hivyo, hamia upande laini, malizia kwa kukipangusa kwenye mkanda wa ngozi. Jaribu kwenye nyanya mbivu. Kisu kikizama bila kuiminya, umemaliza; kikiiponda, rudi kwenye jiwe. Watu wanaogopa kisu kikali, lakini butu ndicho hukata watu, maana unakitia nguvu, kinateleza, kinapata kidole.

Ukinunua, angalia kifungio. Kisu cha kukunja kisichojifunga kikiwa wazi kinaweza kukufungia vidole vyako mwenyewe. Kifungue, gonga mgongo wa kisu polepole kwenye ubao, mkono ukiwa mbali na njia yake. Kikijikunja, mwachie mwenye duka. Na ukikata limau au samaki wa chumvi, futa hapo hapo. Hata chuma kinachoitwa hakishiki kutu, hushika.

Wapo watakaosema kisu ni cha kujilinda. Kaka yangu alisema hivyo hivyo: "Safi, sasa vibaka watakukoma." Nilimkatalia. Ukichomoa kisu mbele ya kibaka umeongeza kisu kwenye ugomvi, na yeye ana nguvu kuliko wewe. Tochi kali usoni mwake, hapo sasa adabu ya kutomulika watu nimeisamehe, kisha kelele na mbio, ndiyo silaha yangu. Tena Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haimchekei anayetembea na silaha hadharani akitia watu hofu. Kisu changu kinakaa kimekunjwa, ndani ya mkoba, pamoja na uzi na sindano ya magunia, na nikiulizwa nina jibu la kazi. Sikichezei mbele za watu, sikitoi kwenye ugomvi, siendi nacho mahakamani wala benki. Nikimpa mtu, nampa mpini. Ndege nako usisahau: safari yangu ya kwanza ya ndege kilikuwa kwenye mkoba wa mkononi, nikakiacha kwenye ukaguzi bila ubishi. Kingeingia kwenye begi la mizigo nisingekikosa.

Vyote viwili vina mfuko wao, ule wa nje upande wa kulia, na havihami. Tochi unayoitafuta gizani kwa kumwaga mkoba mzima haina faida. Jumapili jioni nachaji, nafuta, nanoa kidogo kama kuna haja. Ni kazi ya muda wa kuchemsha chai.

Binti yangu ana miaka 13 na shule yao inaanza mapema, anatoka nyumbani bado kiza. Mwezi uliopita nilimnunulia tochi yake, nikamfungia na kamba. Akanitazama, akatazama mkoba wangu, akauliza, "Na kisu, mama?" Nikamwambia aanze kwa kuniosheа lile jiwe la kunolea, lina matope.