Kaboni kwenye bomba la mafuta ya jeti: jua imetoka wapi kabla ya kuiondoa

Bomba lililopitisha mafuta ya jeti yenye joto kali usikimbilie kulisugua. Lipasue kwa urefu, utazame utandu mweusi umekaa sehemu gani.

Ukiwa umejaa katikati kisha unapungua kuelekea kwenye joto zaidi, mhusika ni oksijeni. Mafuta yaliyogusana na hewa huwa na oksijeni iliyoyeyuka, kama sehemu 60 hadi 70 kwa milioni kwa uzito, na hizo zinatosha kuleta balaa. Kuanzia nyuzi 150 hivi za Selsiasi, oksijeni huvamia haidrokaboni (molekuli za kaboni na haidrojeni zinazounda mafuta) na kuunda peroksaidi, yaani misombo yenye oksijeni inayovunjika kirahisi, kisha gundi inayonata ukutani na kukauka. Oksijeni ikishaliwa yote, utandu huu hupungua hata kama joto linapanda. Dawa yake ni kupitisha viputo vya naitrojeni tangini kabla ya kupasha mafuta, na kuondoa shaba kwenye mabomba na viungio vyote. Shaba iliyoyeyuka, hata makumi machache ya sehemu kwa bilioni, huharakisha uharibifu huu vibaya sana.

Utandu ukizidi kunenepa kadiri unavyokaribia ncha ya moto, tatizo ni jingine kabisa: molekuli zenyewe zinakatika. Hili hushika kasi kuanzia nyuzi 450 hadi 480. Vifungo vya kaboni hupasuka na kuacha radikali huru (vipande vya molekuli vinavyodaka chochote kilicho karibu), zinatoka gesi za methani, ethilini na propilini, halafu baadhi ya vipande huungana kuwa pete za aromatiki (pete imara za kaboni) na hatimaye mkaa. Naitrojeni haikuokoi hapa.

Shinikizo nalo lina mkono wake. Likipita megapaskali 2 na ushee, mafuta hayachemki tena hata yakipashwa kiasi gani. Likizidi kuongezwa, mafuta hubaki yamesongamana zaidi, kwa hiyo kwa mtiririko uleule wa gramu kwa sekunde hukaa bombani muda mrefu na kuvunjika zaidi. Punguza kipenyo cha bomba au ongeza mtiririko. Chunguza pia ukuta wenyewe, maana nikeli na chuma huotesha nyuzinyuzi za kaboni. Ukuta ukipakwa silika au alumina (oksidi za silikoni na alumini) hutulia.

Pima joto la ukuta, siyo la mafuta pekee. Ukuta huwa na joto zaidi, na gundi huanzia hapo.

Kuzima ndiko kunakoharibu mabomba mengi. Kata joto kwanza, acha mafuta yaendelee kupita mpaka ukuta ushuke chini ya nyuzi 150, ndipo uyasukume nje kwa naitrojeni. Mafuta yakisimama ndani ya bomba la moto hupikika papo hapo. Kwenye njia ya kutokea, yapoze kabla ya kufika kwenye vali ya kushusha shinikizo: yaliyovunjika yana gesi inayowaka, na mafuta ya jeti yanayovuja yakiwa na zaidi ya nyuzi 210 hivi yanaweza kushika moto hewani bila cheche yoyote.