Mliyoniuliza barazani, na niliyowaficha

Wanangu, assalamu alaikum.

Sauti mliyonirekodia juzi mkiwa barazani hapo Barabara ya Kumi na Mbili nimeisikiliza mara tatu. Nyuma ya maneno yenu nasikia vikombe vya kahawa vinagongana, na roho yangu yote ikahamia huko Ngamiani, Tanga. Mmeuliza mambo matatu. Hospitali za Uingereza ni bure kweli? Wazungu wanasemaje kuhusu siasa za dunia, na sisi wageni wanatuonaje? Na yule dalali anayetaka milioni nane ampatie mdogo wenu viza ya kulea wazee, apewe au asipewe?

Naanza na dalali kwa kuwa pesa haijatoka. Asipewe hata shilingi. Tangu Machi 2024, mlezi wa wazee anayekuja kwa viza ile hakuruhusiwa tena kuleta mke wala mtoto, na tarehe 22 Julai 2025 njia yenyewe ya kuajiri walezi wapya kutoka nje ikafungwa. Anayeiuza leo anauza mlango uliokwisha jengewa ukuta. Nimefanya kazi na mabinti waliokuja wakati bado uko wazi, wameuza shamba la wazazi, wakafika wakakuta mwajiri aliyeandikwa kwenye karatasi hana kazi ya kuwapa. Mwambieni mdogo wenu hayo kabla hajaenda kumsumbua baba yenu auze kiwanja cha Pongwe.

Mlango huo ulifungwa na siasa, na hapo ndipo jibu la swali lenu la pili lilipo. Mwaka 2016 walipiga kura kutoka Umoja wa Ulaya, asilimia 52 kwa 48, na tangu hapo sijaona uchaguzi ambao habari ya wageni haikuwa juu ya meza. Julai 2024 chama cha Labour kilishinda baada ya wapinzani wao kutawala miaka 14. Mimi nilipiga kura siku ile. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola tunaoishi huku kihalali tunaruhusiwa, ilhali kura ya nyumbani siwezi kuipiga nikiwa nje. Nilidhani lugha itabadilika. Haikubadilika sana.

Wanatuonaje? Kuna bibi mmoja kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, hapa Leicester, hali chakula ila nimlishe mimi. Usiku mmoja tulikuwa tunatazama taarifa ya habari, akasema wageni wamezidi, warudishwe kwao. Nikamuuliza, na mimi? Akanishika mkono: wewe hapana, wewe ni wetu. Sikumchukia, na sikufurahi. Wengi wao ndivyo walivyo: wanamwogopa mgeni wa kwenye televisheni, na yule aliye mbele yao wanampenda. Lakini sheria hutungwa kwa ajili ya yule wa kwenye televisheni.

Vita vya Ukraine mnavyobishania navyo vimeingia jikoni mwangu kama vilivyoingia kwenu. Oktoba 2022 mfumuko wa bei hapa ulifika asilimia 11.1, gesi ikawa haishikiki, nikawa nalala na koti. Miezi hiyo hiyo mama yangu, bibi yenu, alinipigia akaniambia amepunguza ukubwa wa maandazi kwa sababu ya bei ya ngano. Ninaposikia mtu barazani anashangilia upande mmoja kama mechi ya Coastal Union na African Sports, hunijia maandazi yale.

Sasa hospitali. Bure, ndiyo, kwa maana kwamba mkazi halali akifika hakuna anayemuuliza pesa kabla hajamgusa. Wameanza utaratibu huo mwaka 1948, na mimi naona ni jambo tukufu kabisa. Lakini unalipiwa na kodi. Kwenye mshahara wangu, pauni zote zinazozidi 12,570 kwa mwaka zinakatwa asilimia 20 ya kodi na asilimia 8 nyingine ya bima ya taifa. Na kuna foleni. England peke yake matibabu yanayosubiriwa kwa miadi yanazidi milioni saba. Mwenzangu wa zamu ya usiku amesubiri upasuaji wa goti zaidi ya mwaka, anapanda ngazi kwa kushika ukuta.

Ila foleni siyo iliyonidhuru mimi. Hapa ndipo nilipowaficha.

England, ukitimiza miaka 40, unaandikiwa barua uje upimwe moyo, presha na sukari, bila kuumwa. Yangu ilipokuja niliiweka juu ya friji. Ilikaa miaka miwili. Nilikuwa nafanya zamu za usiku, nakula mkate na chai ya maziwa saa tisa alfajiri ili nisisinzie, nalala mchana, kutembea hakuna. Tanga nilikuwa naendesha baiskeli mpaka Chumbageni na kurudi. Huku nikawa mtu wa basi. Kiu ikaanza, nikasema ni joto la mashine za kupasha nyumba. Nilipokwenda, kipimo kinachoonyesha sukari ya miezi miwili mitatu iliyopita kilisoma 61. Kuanzia 48 ni kisukari.

Dawa sinunui. Kwa kawaida kila dawa hulipiwa pauni 9.90, lakini mwenye kisukari anayetumia dawa hupewa cheti cha msamaha. Ndugu muuguzi alinieleza taratibu nusu saa nzima. Kisha nikatoka nje, mvua inanyesha, nikakosa mtu wa kumwambia. Nikawapigia ninyi, mkaniuliza hali, nikasema salama.

Ni miaka mitatu sasa nasema salama, na mimi ndiye niliyekaa hospitali ya Bombo na babu yenu alipokatwa mguu kwa ugonjwa huu huu.

Na ninyi mnanifanyia vilevile. Intaneti ilipozimwa huko Tanzania tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, nilikaa siku kadhaa nikitazama simu, sijui nani mzima. Iliporudi mkaniambia wote salama. Baadaye nikasikia kwa jirani kwamba siku zile mama alianguka jikoni kwa presha. Najua mlitaka nisihangaike. Lakini nilihangaika mara mbili, na mara ya pili nilihangaika peke yangu.

Mama anaogopa Bombo kwa sababu ya babu. Mkubwa wenu ndiye anayemsikiliza. Amchukue kwa bajaji Jumatatu asubuhi, mapema, kabla hajanywa chai yake ya vijiko vitatu. Apimwe presha na sukari vyote viwili. Akikataa, mwambieni bintiye ana sukari na ameomba wapime siku moja. Kisha nipigieni picha kadi yenyewe, namba zionekane. Msiniandikie salama.

Sukari yangu ya leo asubuhi, kabla sijala, ni 7.2.