Baba mwenye Parkinson anapiga mateke usingizini

Pole, dada. Umeuliza kama baba kupiga kelele na mateke usingizini, kukosa choo siku nne na kutosikia harufu ya chakula ni uzee tu. Kwa ulivyoeleza, vyote vinaendana na Parkinson yake, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na ukakamavu. Dalili kama hizi huweza kutangulia kutetemeka kwa miaka mingi.

Anza na choo. Tumbo likifunga, levodopa, dawa ya Parkinson, huchelewa kufika kwenye utumbo inakofyonzwa, na mzee hukakamaa zaidi. Maji ya kutosha, papai, mboga, kutembea kidogo. Siku nne ni nyingi, kwa hiyo mwombe daktari dawa ya kulainisha choo. Usiku, shusheni godoro chini na muondoe vitu vigumu karibu. Mama alale kitanda kingine kwa sasa, wala asione ameachwa.

Na huko kununa kwa baba ulikokutaja, tafadhali msimlaumu. Sonona ni sehemu ya ugonjwa huu, na inatibika. Mwambieni daktari waziwazi, maana wazee wetu hawasemi.

Jambo moja nakusihi: akisikia kichefuchefu asipewe metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika. Huzidisha ukakamavu.