Kusahau baadaye, kwanza ale

Wiki hii mmeuliza mtu akiachwa afanye nini amsahau mpenzi wake haraka. Mimi nataka kusema na sisi tunaoishi naye, maana mwenye maradhi ya mapenzi hajiwezi, halafu sisi ndo tunammaliza kwa maneno.

Mdogo wangu wa kiume, Tanga, Ngamiani, binti waliyependana naye akaozwa Mombasa. Dogo akazima. Chakula hagusi, usiku halali, gereji wakamwambia apumzike kwanza. Kapimwa malaria hana, taifodi hana, basi mtaa ukaamua karogwa, mama akaanza kuulizia mganga, masela wakaja na dawa yao ati twende disko upate mwingine, na kaka yetu mkubwa kila akipita, "mwanaume mzima unalilia mwanamke!" Bibi ndo aliwatimua wote. Asubuhi anamletea uji wa mchele wa nazi, anakaa naye kibarazani anamuuliza habari za yule binti, mlikutana wapi, anapenda nini, alikuwa anakuitaje, dogo anaongea weee mpaka machozi, bibi hasemi nyamaza wala yatapita, anamsogezea kikombe tu. Kesho tena vilevile. Siku dogo alipouliza mwenyewe kama kuna mkate wa kumimina, mama alitoka mbio kwenda kuununua.

Na hili si la kujidekeza jamani. Ibn Sina, tabibu mashuhuri wa kale aliyefariki 1037, aliiandika ishki, yaani mapenzi yaliyopitiliza, kama ugonjwa, akasema tabibu amshike mgonjwa mshipa wa mkono huku anataja majina, mapigo yakibadilika ndo anajulikana anayependwa. Na toka 1990 madaktari wa Japani wameeleza takotsubo, moyo unadhoofika ghafla kwa majonzi au mshtuko, kifua kinauma kama shambulio la moyo lenyewe.

Nilitaka niwapinge pia wanaosema futa namba, mbloku. Lakini nikikumbuka vizuri, dogo uji alikuwa anakunywa huku anachungulia picha za harusi kwenye simu, na usingizi ulirudi alipoanza kumpa bibi simu alale nayo. Basi afute, ila afute mwenyewe, msimnyang'anye, na kama wamezaa pamoja hapo sijui mnaanzaje kufuta. Akianza kusema bora afe, uji na kibaraza havitoshi, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na aende na mtu.